Mashina ya Gwatemala

Jenoveva Valentino alirudi kwao Lukozi, milimani Usambara, akiwa na miaka thelathini na mbili, begi moja, na simu iliyopasuka kioo. Ndoa ilikuwa imemshinda huko Korogwe, au yeye ndiye aliyeishinda ndoa, inategemea unamuuliza nani. Kijijini hawakuuliza. Walimwita "yule aliyerudi", tena mbele yake, gengeni, huku wakimpimia nyanya. Mtu ambaye jina lake limeondolewa na mahali pake pakawekwa kosa lake haachi kutafuta pa kuitwa vingine, na Jenoveva alipatafuta kwenye simu.

Walikaa wawili tu, yeye na mama yake, Bibi Beatha. Nyuma ya nyumba palikuwa na shamba lao, juu ya mteremko mkali kiasi kwamba mgeni akilima pale hushika jembe kwa mkono mmoja na nchi kwa mkono wa pili. Marehemu Valentino, baba yake, alikuwa amekata mteremko ule kwa mistari mitano ya majani ya gwatemala, yale marefu yenye mashina manene, ili udongo usishuke na mvua. Mahindi na maharage yalikaa katikati ya mistari. Chini kabisa, mahali mteremko unapoishia, ilikuwepo nyumba ya Bi Mwajuma, mjane, na jiko lake la udongo likiwa limeegemea ukingo wenyewe.

Huko milimani wana utaratibu wao. Kila mwaka kabla ya mvua za vuli, mwenye shamba la juu na mwenye nyumba ya chini hupita matuta pamoja. Hakuna sherehe yoyote. Wanatembea mstari kwa mstari, wanaangalia wapi majani yamekufa na wapi fuko amechimba, na wakiona pengo wanachomeka pando jipya hapo hapo. Wa juu ndiye anayechimba, wa chini ndiye anayeonyesha, kwa sababu maji yakiteremka yatamkuta yeye. Majani yenyewe hukatwa kwa ajili ya ng'ombe, kila mtu hukata, na baada ya wiki chache yameota tena. Mashina hayaguswi. Hilo halikuandikwa popote, wala hakuna aliyewahi kuona haja ya kuliandika.

Basi siku moja ya kiangazi, Jenoveva akiwa anasubiri maharage yaive, simu ilimletea kijana aliyejiita Bwana Kijani. Alikuwa amevaa buti za mpira ambazo hazijawahi kukanyaga tope. Alisimama mbele ya lundo la magunzi na kusema kwamba takataka zilizo nyuma ya nyumba yako ni kiwanda kinachokusubiri uamke. Akaonyesha jinsi ya kuzichoma ndani ya pipa bila kuziachia hewa, kuzisaga, kuzikanda kwa uji wa muhogo na kuzishindilia kwenye mashine ya mkono mpaka zitoke vipande vya mkaa. Hakuna mti uliokatwa. Jenoveva aliitazama video ile mara tatu, na maharage yakaungua.

Kesho yake simu ikamletea mama wa Singida anayefuga funza wa kulisha kuku, kesho kutwa kijana wa Morogoro anayetengeneza tofali kwa chupa za plastiki, halafu Bwana Kijani tena. Haikumwuliza kama anataka. Ilileta tu, kama mama mkwe anavyoleta chakula. Baada ya wiki mbili Jenoveva alikuwa na hakika kwamba Tanzania nzima imeanzisha biashara ya kutunza mazingira, isipokuwa yeye. Hapo ndipo simu inapotuweza sote. Inakuonyesha watu kumi na mmoja, nawe unaona taifa. Wale waliojaribu wakashindwa hawakuonekana, maana nani anajirekodi akishindwa?

Tusimcheke. Nia yake ilikuwa safi. Alipenda ile milima, alichukia kuona magunia ya mkaa wa miti yakishuka kwa pikipiki kila alfajiri, na alitaka, kwa mara ya kwanza tangu arudi, kuamka akiwa na kazi inayomngoja. Alinunua pipa kuukuu Lushoto mjini. Fundi wa kuchomelea alimtengenezea mashine kwa kuangalia video. Aliokota magunzi kwa majirani na maranda kwa wapasua mbao, na watu wakamwona akiburuta magunia barabarani na kusema aliyerudi sasa amepata wazimu.

Aliyemwamini ni Bi Mwajuma peke yake. Kwake ndiko jua lilikotangulia kufika ukungu ukipanda, kwa hiyo mkaa ulianikwa uani kwake, naye akawa ndiye wa kuugeuza. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa na tabia ya kugonga kila kipande kwa kucha na kukisikiliza, na kile kilichomridhisha alikiweka upande wake wa kulia.

Video ya kwanza Jenoveva aliirekodi pale uani. Uso wake ulikuwa umepakaa masizi, anacheka, na nyuma yake Bi Mwajuma ameinua kipande cha mkaa kama mtu anayeuza maandazi. Siku nne hazijapita, watu elfu sitini na moja walikuwa wameitazama. Maoni yakamiminika. Hongera dada. Wewe ni jasiri. Usambara mnatuonyesha njia. Mmoja akamwita kiongozi, na neno hilo Jenoveva alilisoma kwa sauti jikoni.

"Nani anaongozwa?" mama yake aliuliza, bila kuinua macho kwenye sufuria.

 Jenoveva alitoka nje, akaketi kwenye jiwe, akasoma maoni yote tangu mwanzo. Alikuwa na furaha ya kutaka kulia. Watu ambao hawajui habari za Korogwe walikuwa wanamwita kwa jina zuri, na hakuna mtu mzima duniani asiyehitaji hilo.

Shida ilianza pale mpishi wa shule moja ya bweni alipompigia. Redioni kila siku walikuwa wanasema habari za nishati safi, naye alitaka mkaa ambao unaweza kuivisha sufuria kubwa la maharage. Magunzi yalikuwa yamekwisha, na mabua yalikuwa yanaliwa na ng'ombe. Jenoveva akachukua majani ya gwatemala, akayakausha na kuyachoma, lakini mkaa wake ulikuwa mwepesi, unashika moto upesi na kufa upesi. Aliurekodi hivyo hivyo. Mtu mmoja akaandika, "Dada, huo ni mkaa wa karatasi," na watu mia tatu wakalipenda neno hilo.

Lilimuuma mno. Maneno ya Lukozi alikwisha kuyazoea, lakini haya yalitoka mahali alipodhani ni kwake. Hakulala vizuri siku mbili. Mwishowe akamwandikia Bwana Kijani mwenyewe, chini ya video yake, kwamba mkaa wa majani hauna nguvu, afanyeje? Na Bwana Kijani akamjibu. Yeye mwenyewe, kwa mkono wake, au kwa mkono wa aliyemwajiri. "Tumia sehemu ngumu ya mmea. Mashina na mizizi ndiyo yenye nguvu." Hakuuliza ni mmea gani. Hakuuliza umeota wapi, wala kuna nani chini yake.

Jenoveva alijua. Hapa hatuwezi kumtetea. Alikulia kwenye mteremko ule, alishika mapando akiwa na miaka sita huku baba yake akichimba. Lakini ilikuwa Agosti, udongo ulikuwa mkavu kama unga, na jibu lile lilikuwa mbele ya macho ya kila mtu likiwa na jina lake. Alikwenda kwenye mstari wa juu kabisa, ule usioonekana kutoka nyumbani, akang'oa mashina kwa jembe. Hakuna kilichotokea. Kiangazi hakuna kinachotokea. Mkaa wa mashina ulitoka mzito na mweusi, ukaivisha maharage bila kuongezwa, na video yake ikavuka laki moja. Mpishi wa shule akaagiza tena, na wiki ile ile mstari wa pili ukafuata.

Mama yake aliligundua jambo hilo akiwa anatafuta kuni. Akashuka na shina moja mkononi, akaliweka mezani kati yao.

"Jeni. Baba yako alipanda haya akiwa anatetemeka na malaria."

"Nitapanda mengine, mama. Masika bado mbali."

"Na vuli?"

"Vuli ya siku hizi ni manyunyu tu."

Ilikuwa kweli, na ndiyo sababu ilikuwa mbaya. Miaka mitatu mfululizo vuli ilikuwa imepita kama mtu anayesalimia mlangoni bila kuingia.  Bibi Beatha akasema, kwa Kishambaa na kwa sauti ya chini, kwamba wazee walikuwa na neno, kubana shi, kuiharibu nchi mpaka iache kulisha watu wake, na kwamba zamani mtu wa namna hiyo aliitwa mbele ya wenzake akaulizwa. Akaingia chumbani na kufunga mlango.

Jenoveva alipandwa na hasira. Yeye, anayeitwa mtunza mazingira na watu asiowajua hata idadi yao, ndiye anayeharibu nchi? "Watu laki moja wanasema naiokoa," aliuambia mlango. Jioni hiyo hiyo aliongeza maneno kwenye ukurasa wake: Mkaa Kijani Usambara, Tunalinda Milima Yetu. Kufikia mwisho wa Septemba mstari wa tatu nao haukuwepo.

Oktoba Bi Mwajuma alipanda kwao na fungu la mapando begani, kama alivyofanya kila mwaka na mumewe kabla yake.

"Shikamoo, mama," Jenoveva alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja tupite matuta."

"Mama, mwaka huu tuache kwanza. Jumamosi kuna watu wa mtandaoni wanakuja kurekodi kiwanda, nami sijafagia hata uwanja."

Bi Mwajuma aliinua macho kwenye mteremko. Mistari mitatu kati ya mitano ilikuwa imebaki mitaro mitupu, na udongo uliolimwa katikati hauna kitu cha kuushika. Alitazama kwa muda mrefu. Halafu akauliza kama yeye naye anatakiwa kuwepo Jumamosi. Wajukuu wake wa Tanga walikuwa wamemwona kwenye simu, alisema, na wakapiga kumwambia bibi ana nyota.

"Lazima uwepo. Bila wewe hakuna kiwanda."

"Haya. Wewe ndiye uliyesoma, mwanangu." Akayaegemeza mapando ukutani na kushuka kwenda kugeuza mkaa.

Hili ndilo Jenoveva hajaweza kulimeza mpaka leo. Kama yule mama angepiga kelele, kama angeita mwenyekiti wa kitongoji, kama angetupa yale mapando miguuni pake! Haki ilikuwa yake. Lakini na yeye alikuwa ameonja utamu ule ule. Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumtazama, na sasa alikuwa anatazamwa. Jumamosi alivaa kanga mpya.

Mvua ilianza wiki ya pili ya Novemba. Haikuwa manyunyu. Ilinyesha siku nne bila kuvuta pumzi, barabara ya Lushoto ikakatika mahali pawili, kabichi zikaoza kwenye magunia. Siku ya tatu Jenoveva alipanda juu na jembe, akachomeka yale mapando yaliyokuwa yamesahauliwa ukutani, nusu yake yakiwa yamekauka. Kila alipochomeka moja, maji yalilichomoa na kulipitisha kati ya miguu yake. Alishuka akiwa ameloa mpaka kwenye mifupa, akamwambia Bi Mwajuma ahamie kwao. Bi Mwajuma alisema atakuja mvua ikipungua, kwanza aokoe mkaa, kwa kuwa walikuwa wameuingiza wote jikoni kwake usilowe.

Siku ya tano asubuhi mvua ilikuwa imepungua kweli. Jenoveva alikuwa barazani anamenya muhogo. Alisikia mlio kama lori linapomwaga mawe, mfupi, na alipoinua kichwa shamba lilikuwa limebadilika umbo. Katikati yake palikuwa pekundu, peupe mawe yalipoonekana, na chini paa la bati la Bi Mwajuma lilikuwa limesogea hatua kadhaa mbele, limesimama lenyewe. Jiko halikuwepo.

Walichimba watu hamsini, kwa majembe, kwa sufuria, kwa mikono. Walimkuta kabla ya adhuhuri. Udongo uliomfunika ulikuwa umechanganyika na mkaa, kwa hiyo waliomuosha walichelewa.

Alizikwa jioni ile. Mwanawe, Shabani, alifika kutoka Tanga kaburi likiwa linafukiwa. Jenoveva alimngoja mpaka watu wakapungua, akamwendea.

"Shabani, nataka nikuambie. Niling'oa yale mashi—"

"Mama alikupenda, dada," Shabani alimkatiza, bila ukali. "Alikuwa ananipigia kila Ijumaa kunieleza habari zako. Mvua ilikuwa nyingi. Usiniambie kitu kingine."

Basi hakumwambia. Kwenye ripoti iliandikwa maporomoko ya ardhi kutokana na mvua kubwa, na hakuna aliyeitwa mbele ya wenzake akaulizwa. Wote walijua. Waliupita mteremko ule kila siku kwenda sokoni, na mitaro ya mashina iliyobaki pembeni ilionekana wazi. Hawakumwita tena aliyerudi. Hawakumwita chochote. Bibi Beatha aliendelea kumpakulia chakula na kula naye, na kwenye kula huko walizungumza habari za chumvi.

Baada ya arobaini Jenoveva aliisimamisha simu kwenye dirisha akajirekodi. Hakujipamba. Alisema alichong'oa, na wapi, na nani amekufa. Alisema, msifanye nilichofanya. Ilimchukua dakika mbili na nusu, akaituma. Wiki moja baadaye walioitazama walikuwa mia mbili na kumi na wawili. Watu hawasimamishi kidole kwa uso wenye huzuni. Mmoja aliandika pole dada, kazi ya Mungu haina makosa. Mwingine aliuliza kama mashine bado anauza. Akafuta ile ya mashina, ile ya watu laki moja, lakini ilikuwa imekwisha kunakiliwa na kurasa asizozijua, nyingine zimeitia muziki. Ilikuwa inaendelea kutazamwa bila yeye.

Mwishoni mwa Februari simu, kwa ile hisani yake, ilimletea vijana wa kijiji cha Mlola. Walikuwa saba, wamevaa fulana za kijani zinazofanana. Wanacheka, wanang'oa kitu kwenye mteremko, na msemaji wao anasema wanamshukuru dada Jenoveva wa Lukozi aliyewafungua macho. Alisimamisha picha, akaikuza. Kwenye kona ya chini, nyuma ya migomba, palionekana kipande cha paa.

Alipanda bodaboda siku ile ile. Ni mwendo mrefu, na masika yalikuwa yamebakiza wiki mbili au tatu. Vijana walimpokea kama bibi harusi. Msemaji wao, Aron, alimshika mkono kwa mikono miwili, na binti mmoja, Rahma, akainua simu kurekodi: "Jamani, tunaye mwalimu wetu hapa, ana kwa ana!"

Jenoveva aliwaeleza akiwa amesimama. Aliwaeleza yote, pamoja na kanga mpya ya Bi Mwajuma. Rahma aliishusha simu, akajifuta macho. Wengine waliangalia chini. Aron alisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima kabisa, kisha akasema pole sana dada, tumekuelewa, jambo zito. Kikundi kimeshasajiliwa, alieleza, na Ijumaa wageni wa wilaya wanakuja kuona uzalishaji.

"Kwa hiyo, dada," akauliza, "tukiacha mashina, unashauri tutumie nini ambacho kitashika moto vile vile?"

Jenoveva alimtazama. Alikuwa kijana mzuri, mwenye bidii, na hakuwa na ubaya wowote. Jibu hilo Jenoveva mwenyewe alikuwa amelitafuta Agosti nzima asilipate. Akageuka, akashuka mteremko kwa miguu, akipita mitaro miwili mipya, mpaka kwenye lile paa.

Mzee mmoja alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya jiko, anamenya viazi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe wa nani, mwanangu?"

"Mimi wa Lukozi, baba. Mimi ndiye niliyewafundisha wale walio kule juu."

"Aa, ndiye wewe!" Uso wa mzee ulifunguka. "Mjukuu wangu yuko nao. Alinionyesha. Karibu, keti." Akainuka kumpisha kigoda chake.

Hakuketi. Alimwambia aliyokuja kumwambia, polepole, na mzee akaacha kumenya. Alipomaliza, mzee alitazama juu, kule fulana za kijani zilikoonekana kati ya migomba.

"Mimi nimewaambia tangu Jumatatu," alisema. "Hawanisikii, mimi si mtu wa kwenye simu. Wewe watakusikia. Panda, mwanangu, uwaambie."

"Nimetoka huko sasa hivi, baba."

Mzee alibaki akimtazama, kama anayengoja sehemu iliyobaki ya habari. Na juu yao, majembe yakaanza tena.